Zaire 74: msikilizeni Franco akiwa jukwaani

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani nina CD mbili ndani ya jalada moja: Zaire 74, The African Artists. Zilitoka mwaka 2017, lakini muziki wenyewe ulipigwa Kinshasa, Zaire ya wakati ule (leo Kongo), Septemba 1974, kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine. Kanda hizi zimekaa zaidi ya miaka 40, jamani! Wangeniambia nichague tamasha moja tu lirudiwe nami niwepo, ningechagua hili.

Wapenzi wa ndondi kisa mnakijua. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane hapo hapo Kinshasa siku zizo hizo, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Muziki haukusubiri. Walikuwepo James Brown, B.B. King, Celia Cruz na wenzake wa Fania, kundi la salsa. Hao humu hamtawasikia, nawaambia mapema mtu asije akanunua kwa ajili yao. Humu ni Waafrika watupu: mpiga gitaa Franco na bendi yake TPOK Jazz, mwimbaji Tabu Ley na bendi yake Afrisa, mwimbaji Abeti, bendi ya Stukas, na Miriam Makeba. Kwangu ni afadhali hivyo, maana tamasha hili limesimuliwa mno kama kwamba wenyeji walikuwa wa kusindikiza wageni tu.

Sasa Franco. Sisi tuliokua na rumba ya redioni tumezoea wimbo uliokatwa vipande viwili. Santuri ndogo za wakati ule zilibeba dakika chache tu kila upande, basi upande wa kwanza waimbaji wanalalamikia mapenzi, unageuza, ndipo unakutana na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Jukwaani hakuna kugeuza. Gitaa la solo linaingia, gitaa la rithimu linakaa palepale halitikisiki, mi-solo, yaani gitaa la tatu, inajaza katikati, besi inazunguka chini, na ukidhani wamefika mwisho, wanaongeza. Nawaomba sana, hapo acheni shughuli nyingine zote mkae msikilize. Mtaelewa kwa nini hadi leo watu wazima wanabishana vijiweni, Franco au Tabu Ley. Maana na Tabu Ley naye humu hakuja kushindwa! Ile sauti yake nyororo haipotei mbele ya tarumbeta za Afrisa, na mimi kila nikimsikiliza nahama upande.

Kuhusu ubora: hii ni rekodi ya uwanjani ya mwaka 1974, msitegemee usafi wa studio. Kwangu hilo si kasoro, ndiyo sababu ya kuinunua. Ila msiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote itapotea, na rumba bila besi mtakuwa mmesikia nusu yake. Tafuteni spika kubwa, au hata hedifoni za kawaida.

Makeba hahitaji maelezo yangu. Anayehitaji kutajwa zaidi ni Abeti. Mwaka 1973 alikuwa ameshaimba Olympia, Paris, lakini huku kwetu vijana wengi hawamfahamu kabisa. Kama mna nafasi ya kuonja msanii mmoja kabla ya kutoa hela yenu, anzeni na yeye, mniandikie hapo chini mmemwonaje.