Zenodo kwa sisi watafiti wa mtaani, nimeweka milango ya Bagamoyo

Wadau wa historia habari zenu. Mimi sina chuo wala msimamizi, napiga picha milango ya nakshi ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo na kuandika habari za biashara ya watumwa, na kwa kazi ya namna hii Zenodo, tovuti ya kuhifadhi na kushirikisha kazi za utafiti, naikubali sana. Ni bure, inaendeshwa na CERN wale wa fizikia kule Geneva tangu 2013, rekodi moja inabeba hadi GB 50 na picha haibanwi. Kabla ya hapo nilikuwa narusha mitandaoni, watu wakabeba picha, wakakata jina langu, wakaweka maelezo ya uongo kabisa, iliniuma.

Kitu kikubwa ni DOI, yaani kazi yako inapata namba ya kudumu, mwanafunzi wa Dar au profesa wa Ujerumani akiitumia anakutaja. Ukiongeza kitu unatoa toleo jipya na la zamani linabaki pale pale, hiyo kwetu ni muhimu mno. Chukua mnyororo uliochongwa kwenye fremu ya mlango: pita Mtaa wa India utaambiwa nyumba hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, mwingine atakwambia ni ulinzi wa nyumba tu. Mimi nimeweka picha ya asubuhi jua likipiga kwa ubavuni, unaona pete moja moja zilivyoshikana mpaka chini, halafu nikaandika nilichokiona mbali na nilichoambiwa mbali. Akitokea mtu na hati ya nyumba, au maandishi ya wamisionari waliofungua misheni hapa 1868 na kukomboa watumwa, akanipinga, natoa toleo la pili na kila mtu anaona nimebadilisha nini.

Ila jueni hakuna anayekagua kama ulichoandika ni kweli, tafuta mtu anayejua asome kwanza. Kurasa zenyewe ni Kiingereza. Na wenye nyumba waombeni ruhusa jamani, mlango wa zamani ni hela, usiutangaze na ramani juu, mafaili mengine unaweza kuyafunga anayetaka akaomba.

Leseni chukua CC BY, mtu atumie ila akutaje. Kwenye lugha chagua Kiswahili na muhtasari anza na Kiswahili, Kiingereza kifuate chini, wajukuu wa nyumba hizi nao wasome.