ThinkPad X230 ikigoma kuwaka: kongwe inayosema inaumwa wapi

Lenovo waliitoa laptopu hii ya X230 mwaka 2012, kioo cha inchi 12.5, prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu. Anayeinunua mtumba leo hatafuti kasi. Anataka kujua kama siku ikizima itafufuka, na mara nyingi hufufuka kwa bisibisi ya nyota na subira kidogo.

Betri inachomolewa kwa nje bila kugusa skrubu, na hapo ndipo inapozipita laptopu nyingi za sasa. Ikiwa kimya kabisa, toa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake. Ikiwaka, huenda mgonjwa ni betri. Isipowaka, pima chaja kwa mita: utafute volti 20 kati ya ukuta wa ndani na wa nje wa plagi ya duara. Kile kipini chembamba cha katikati kinaitambulisha chaja tu kwa mashine, usikipime, maana wengi huishia kutupa chaja nzima kwa sababu yake.

Taa ikiwaka na kioo kikabaki cheusi, tega sikio. Milio mitatu mifupi, kimya, mitatu tena, halafu mmoja: hiyo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Fungua mfuniko mdogo wa chini, chomoa RAM, sugua pini zake za dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha jaribu moja moja katika kila nafasi. Milio mitano mifupi na kioo cheusi ni mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na hapo piga hesabu kabla ya kumlipa fundi.

Ikiandika 0271 kwenye kioo, saa imepotea, na mara nyingi ni kabetri ka CR2032 kamekufa. Kana waya na plagi yake, na kukafikia lazima utoe kibodi na sehemu ya kuegemeza viganja, usumbufu mtupu. 2100 ni diski isiyoonekana: ichomoe uirudishe. Ukinunua mpya iwe na unene wa milimita 7, ya 9.5 haiingii. “Fan error” ni feni iliyochoka au iliyosongwa na vumbi.

Lawama zipo. BIOS yake, programu ya ndani inayoiwasha mashine, hukataa kuchaji betri isiyoitambua, hivyo betri za bei poa zinaweza kukuacha na chaja ukutani siku zote. Ukibadilisha kadi ya Wi-Fi kwa isiyo kwenye orodha yake, inasimama na kuandika 1802.

Baya zaidi ni nenosiri la msimamizi, linalofunga mipangilio ya BIOS. Limehifadhiwa kwenye chipu ya pembeni, kwa hiyo kutoa CR2032 hakulifuti, hata muuzaji akikuapia. Kabla hujatoa hela, washa, bonyeza F1 kufungua mipangilio hiyo. Ikidai nenosiri na muuzaji hana, mrudishie mashine yake.