Santorini kwa meli ya kitalii: nimefika, au nimepita tu?

Nikiulizwa kama nimewahi kufika Ugiriki, nasita kidogo kabla ya kujibu. Septemba 2025 nilikuwa Santorini, abiria wa meli ya kitalii iliyotoka Piraeus, bandari ya Athens, kwa mzunguko wa siku saba. Ukiondoa muda wa foleni, saa nilizokaa kisiwani hazitimii sita. Kampuni siitaji, maana mengi ya haya yangenikuta kwenye meli yoyote.

Nianze na zuri, kwa kuwa ndilo lililotangulia. Alfajiri nilipanda sitaha ya juu nikiwa nimejifunika shuka la kabini. Tulikuwa tunaingia kaldera, ghuba iliyobaki baada ya volkano kulipuka takriban miaka 3,600 iliyopita na sehemu kubwa ya kisiwa kudidimia baharini. Kuta zimesimama wima, tabaka jeusi, jekundu, la kijivu, na juu kabisa nyumba nyeupe za miji ya Fira na Oia zimeshikilia ukingo kama chumvi kwenye mdomo wa sufuria. Sitaha nzima ilinyamaza. Anayekuja kwa ndege hutua upande wa pili, kwenye tambarare, na kisiwa hakimpokei hivi. Kwa nusu saa ile nilikuwa tayari kusamehe kila kitu, hata ile chupa ya maji niliyotozwa mara mbili.

Kisha tukaanza kushuka, yaani tukaanza kusubiri kushuka. Maji ya kaldera yana kina cha zaidi ya mita 300, na chini ya Fira hakuna gati la meli kubwa, kwa hiyo abiria hufuatwa na mashua za wenyeji. Waliolipia ziara za meli hutangulia. Sisi wa kujitegemea tulipewa namba, tukaketishwa ukumbini tukisikiliza zikiitwa kama wagonjwa kliniki. Yangu ilikuwa 19. Nilikanyaga bandari ya zamani saa nne na nusu, nikakuta foleni nyingine, ya vibehewa vya waya vinavyopandisha watu mjini. Ukishaingia ni dakika tatu umefika. Kuvisubiri kulinichukua karibu saa nzima. Ziko pia ngazi 588, ila unapishana na punda wanaobeba watalii. Tangu 2018 sheria ya Ugiriki inakataza kumbebesha punda zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Mizani sikuiona popote, na baadhi ya abiria wenzangu walistahili kupimwa.

Fira sina mengi ya kusema. Njia nyembamba, bega kwa bega, kila mtu simu juu. Nilichokifanya pale ni hesabu. Kisiwa kina wakazi wapatao 15,000, na mwaka huo kilikuwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku. Hata kikomo kikiheshimiwa, ni kama mgeni mmoja kwa kila wenyeji wawili, na karibu wote wanamwagika mtaa uleule asubuhi ileile. Kwenye bili yangu kulikuwa na ushuru wa euro 20, unaotozwa abiria wa meli wanaoshuka visiwa vya Santorini na Mykonos msimu wa kilele. Nilipouona nilinung'unika. Nilipobanwa ukutani pale Fira ili mama mmoja apitishe toroli la mboga, niliona hata ungezidishwa.

Kilichoniokoa ni basi la kawaida la kwenda Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya mlipuko uleule. Mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967, na leo sehemu iliyofukuliwa iko chini ya paa moja kubwa. Unatembea kwenye vijia vya juu. Chini yako kuna nyumba za ghorofa, mitaa, mitungi mikubwa bado imepangwa stooni. Mifupa ya watu haijapatikana humo, inaonekana walishaondoka mapema. Nilikuwa nimeegemea ukingo nikitazama dirisha moja, nikijiuliza waliondoka na nini mkononi, simu yangu ikalia. Ni kengele niliyoitega mwenyewe: mwisho wa kurudi melini saa kumi na moja. Basi la ziara ya meli likichelewa, meli husubiri. Langu likichelewa, naachwa. Njia nzima kurudi Fira nilikuwa natazama saa badala ya kutazama nje, na foleni ya vibehewa ilikuwa imefika mtaani, nikashuka zile ngazi mbiombio nikikwepa mavi ya punda.

Halafu kuna machweo ya Oia, yaliyopamba jalada la brosha ya kampuni ya meli. Jua lilizama baada ya saa moja jioni. Sisi tulikuwa tumeshang'oka zamani, mimi nikiwa mezani na sahani ya pili, kisiwa kikiwa doa nyuma yetu. Hilo naliita udanganyifu, hata kama kwa maandishi madogo ratiba ilikuwa sahihi.

Meli kama meli naipa nyota nne: kabini safi, wahudumu wachangamfu. Kama njia ya kuifikia Santorini, sijui niipe ngapi, kwa sababu ilinipa alfajiri ile. Ila nikiwa kwenye mashua ya kurudi nilimuuliza baharia kama kuna njia nyingine ya kuja, naye akanionyesha kwa kidole feri iliyokuwa ikiingia kaldera kuelekea gati la Athinios. Ni feri ya kawaida ya kutoka Piraeus. Inapita chini ya kuta zilezile, na ukishuka, hakuna anayekuhesabia saa.