Tahadhari: mafundi wanaopaka oili chafu kwenye sakafu za mbao za nyumba za ufukweni

Ndugu wenye nyumba na wasimamizi wa nyumba za wageni kuanzia Tiwi hadi Galu, pwani ya kusini ya Kenya, kuna kikundi cha mafundi kinachozunguka na pikapu, kikijitangaza kuwa na utaalamu wa kufufua sakafu na baraza za mbao zilizochakazwa na jua na chumvi. Huja wakati wa kaskazi, hudai nusu ya malipo kabla ya kushusha vifaa na nusu nyingine pindi wanapokunja turubai, na sakafu wanayoiacha hung'aa kweli. Katika nyumba ninayoisimamia, mng'ao huo haukuvuka masika. Mvua za Aprili zilipoanza, vanishi ilibanduka magamba magamba, na chini yake tukakuta mbao nyeusi, zinazoteleza na kunuka gereji.

Walichokiita mafuta ya mtiki kutoka ng'ambo kilikuwa oili chafu ya injini, na juu yake walipitisha mkono mmoja tu wa vanishi iliyozimuliwa kwa thina. Mafuta ya kitani, ambayo mafundi seremala wa kweli huyatumia, hugandamana yanapokutana na hewa na kubaki ndani ya nyuzi za mbao. Oili ya injini haikauki hivyo: hunasa vumbi, huchafua nyayo za watoto, ina masalia ya metali na kemikali zisizofaa kugusa ngozi, na huizuia vanishi yoyote itakayofuata isishike. Mikebe waliyoileta ilikuwa na nembo ya kiwanda kinachojulikana, lakini ukiitazama kwa karibu utaona kingo za kifuniko zimepindwa kwa bisibisi na rangi ya zamani imekaukia kwenye mfereji wake, dalili kwamba mkebe umefunguliwa na kujazwa upya. Mkebe wa namna hiyo usikubali uingizwe nyumbani mwako.

Jambo la pili ni maji. Walisafisha baraza kwa maji ya kisima cha uani, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Chumvi inayobaki kwenye mbao hufyonza unyevu wa hewa kila usiku na kuisukuma vanishi kutoka chini, hata kama vanishi yenyewe ni halali. Fundi anayeijua kazi husuuza kwa maji yasiyo na chumvi, huacha mbao zikauke siku kadhaa, hupiga msasa, ndipo hufungua mkebe. Hawa walimaliza baraza nzima katika siku mbili.

Vilevile walibadilisha mbao zilizooza kwa zile walizodai zimetiwa dawa ya mchwa. Zilikuwa za kijani kwa nje, ila tulipozikata katikati, mbali na ncha, ukijani ulikuwa juu juu tu na ndani mbao ilikuwa nyeupe. Msonobari uliotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo huonyesha rangi hiyo ikiwa imepenya ndani. (Vipande vya mbao yenye dawa halisi msivichome jikoni wala kwenye nyama choma, maana dawa ya kijani iliyozoeleka ina arseniki, ambayo ni sumu.) Skrubu nazo zilimetameta kama chuma cha pua, lakini sumaku ilizinata kwa nguvu: zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, na baada ya miezi michache kila kichwa kilikuwa kimetoa mchirizi wa kutu. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, ulizeni chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kwenye vichwa vya bolti mara nyingi huandikwa A4.

Kwa wale ambao sakafu zao tayari zimepakwa, msikubali kuongezewa vanishi juu, kama kikundi hiki kinavyopendekeza kwa malipo mapya. Tabaka lote lazima liondolewe, na mbao zilizokwisha kunywa oili mara nyingi huishia kubadilishwa. Hifadhini picha, mikebe na ujumbe wa malipo ya simu, kisha mwandikishe malalamiko kituo cha polisi, kwa kuwa namba waliyoitumia kwetu imezimwa na nimeambiwa na jirani kwamba sasa wanatafuta kazi upande wa Kilifi.