Mahandaki ya mezani: nyenzo za kununua Kisumu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kujitengenezea mahandaki, yaani vyumba na njia za chini ya ardhi, ya kuchezea Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa hadithi unaochezwa mezani, ushauri ni mmoja: nunua XPS, ile bodi nyepesi ya povu la plastiki, ya rangi ya waridi au buluu. Kwa mtu wa Marekani ni ushauri mzuri. Nyumba za huko huzibwa baridi kwa bodi hizo, kwa hiyo zinapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Kisumu hatuna baridi ya kuziba. Anayejenga Mamboleo anawaza bei ya mabati na saruji, na duka humuuzia hayo. Ndiyo maana orodha yangu haifanani na za kule. Nimeangalia kwanza kama kitu kinapatikana bila kumpigia mtu wa Nairobi, kisha kama kitafika mzima nyuma ya boda boda, kisha kama kitavumilia unyevu wa Machi hadi Mei. Kupendeza kwenye picha kumekuja nyuma ya hayo yote. Bei kwa shilingi siziandiki, kwa sababu Kibuye bei hutegemea siku na uso wa mnunuzi.

Shika kipimo kimoja kabla ya kutoa pesa. Siku hizi mraba wa inchi moja, yaani milimita 25.4, huhesabiwa kuwa futi 5 za handaki. Njia ya futi 10 basi ni kama sentimita 5 mezani, na chumba cha miraba sita kwa sita ni sentimita 15 kwa 15. Kipande hicho cha 15 kwa 15, unene sentimita moja, ndicho nitakachotumia kulinganisha uzito.

1. Katoni na trei ya mayai

Nazihesabu kama bidhaa moja. Katoni ni mifupa, trei ni ngozi.

Wengi hudhani katoni ni takataka ya bure, mpaka wafike sokoni wakute wanaozikunja na kuzifunga mafungu wana bei zao na hawana mzaha. Jumapili Kibuye hujaa, na muuzaji hana subira na mtu anayepekua fungu zima akitafuta vipande vinne. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Kuna katoni ya ukuta mmoja, unene milimita 3 au 4, ile ya sabuni na mafuta ya kupikia. Kuna ya kuta mbili, milimita 6 au 7, ile ya friji na televisheni kubwa. Sakafu ifanye kwa ya kuta mbili, na kuta za vyumba kwa ile nyembamba.

Bonyeza katoni kwa kidole gumba, kisha uachie. Ikirudi, mawimbi ya ndani ni mazima. Ikibaki na shimo, imeshanyeshewa au imelaliwa na mzigo, mwachie mwenyewe. Nusa pia. Katoni iliyokaa karibu na omena haiachi harufu hata uipake rangi mara tatu, na wachezaji wako watainamia meza hiyo saa nne mfululizo.

Udhaifu wa katoni ni kujikunja. Gundi yenye maji hulowesha upande mmoja, upande huo ukikauka unajivuta, na sakafu yako inapinda. Dawa yake ni kubandika tabaka mbili zikiwa zimepishana, mawimbi ya juu yakikata yale ya chini, kisha kupaka pande zote mbili na kulaza chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Kingo zenye matundu zifunike kwa vipande vya boksi jembamba la majani ya chai.

Sasa trei. Kwenye video utaona wakikata kifuniko bapa cha kasha la mayai kumi na mawili. Trei yetu ya mayai 30 haina sehemu bapa, ni vikombe na vilele tu. Iloweke dakika chache, ikilainika ipasue vipande, uvilaze juu ya kitambaa na kuvisukuma kwa kifimbo cha chapati, halafu uanike. Ikikauka inakuwa na vinyweleo na mabonde madogo ambayo, ukishapaka rangi, mtu atakuuliza umechonga kwa kifaa gani. Kata mawe ya upana wa kati ya sentimita moja na mbili na nusu, pembe zisilingane, ubandike ukiacha ufa wa milimita moja baina yake. Usisukume trei zote. Vile vilele vya katikati vikikatwa shingoni ni miamba iliyochongoka ya pangoni, bila kazi ya ziada.

Trei zilizotumika utazipata kwa wauza mayai ya kuchemsha. Kataa yenye madoa ya kiini, kwa harufu na kwa usafi, na hata iliyo safi ianike juani kwanza.

Gharama halisi hapa ni muda. Chumba kimoja ni jioni nzima ya kukata na kubandika, na asiye na uvumilivu huo ashuke nambari mbili.

Kabla hujashuka, nunua gundi na rangi, kwa sababu utazihitaji kwa karibu kila kitu kilichobaki. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, ya mkebe wa kilo. Kichupa cha wanafunzi huisha kabla ya ukuta wa pili. Rangi ni ya maji, ile ya ukutani, nyeusi na nyeupe, kipimo kidogo kabisa ambacho duka linauza. Ukikosa nyeusi, nunua unga wa oksaidi nyeusi, ule wa kutia kwenye sakafu ya saruji, uchanganye na gundi na maji kidogo. Paka mchanganyiko huo mzito kote. Ukikauka unakuwa gamba linaloshika kila kitu pamoja. Juu yake pitisha kijivu kwa brashi iliyofutwa hadi ikakaribia kukauka, ili rangi iguse migongo ya mawe tu na nyufa zibaki nyeusi. Malizia hivyo hivyo kwa kijivu chepesi zaidi. Rundo la visanduku kumi na viwili vya rangi za wachoraji halina kazi hapa.

2. XPS, ukiipata

Sina ugomvi nayo. Kile kipande chetu cha 15 kwa 15 kina uzito wa gramu 8 hivi, kinakatika kama ulivyokusudia, na ukikibonyeza kwa kalamu ya Biro iliyoisha wino, mstari unabaki. Ukiviringisha juu yake karatasi ya alumini iliyofinyangwa kuwa tonge, unapata sura ya jiwe papo hapo.

Waulize watengeneza mabango na mafundi wa vyumba baridi kama wana masalio. Angalia ubavu uliokatwa: XPS haina punje. Ukionyeshwa bodi ya manjano inayotoa vumbi ukiisugua kwa kidole, hiyo ni nyenzo nyingine, na haishiki mstari. Njia ya uhakika zaidi ni foam board ya milimita 5, ile wanafunzi wa usanifu majengo wanayotengenezea vielelezo, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Lowesha karatasi ya upande mmoja, ibandue taratibu, na ndani utakuta povu laini la kuchora mawe. Nunua karatasi moja kwanza ujaribu kubandua, kwa sababu kuna aina ambazo karatasi yake hung'ang'ania na kutoka na nyama.

Usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja. Viyeyusho vyake hula povu hili, na gundi ya viatu nayo ni vivyo hivyo. Paka kwanza lile gamba la gundi na oksaidi, kila pembe. Mkataji wa waya moto ununue baadaye, ukishajua utaendelea na kazi hii. Chagua wa betri, maana stima haina ratiba, na uutumie dirisha likiwa wazi kwa kuwa moshi wake si wa kuvuta. Kwa kuanza, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe wa kuvunja ncha kinatosha, mradi uvunje ncha mara kwa mara. Wembe butu ndio unaorarua.

3. Jipsamu

Kwa dari zote zinazotiwa urembo mjini, unga wa jipsamu haupotei madukani. Shida ni kwamba chini ya jina hilo utauziwa vitu viwili. Kuna wa kuziba nyufa, unaokauka polepole na kubaki laini, na kuna wa kumimina, unaoganda ndani ya nusu saa hivi na kupata joto ukiganda. Unataka wa pili. Mwambie muuzaji unamimina kwenye kalibu, usiseme tu jipsamu. Shika mfuko: ukiwa na madonge, umevuta unyevu na hautaganda sawasawa. Mfuko uliofunguliwa usiununue kabisa msimu wa mvua.

Pima unga mara mbili ya maji, utie unga ndani ya maji wala si kinyume chake, ukoroge bila kupiga povu. Kalibu za silikoni za matofali madogo, kama zile za Hirst Arts za Marekani, ni nzuri, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru zinaacha kuwa nafuu. Mabaki usiyamwage kwenye sinki. Yataganda ndani ya bomba.

Jipsamu ni tatu badala ya kwanza kwa sababu ya uzito. Kipande chetu kinakaribia robo kilo au kuzidi. Ishirini ni kilo 5, na safari moja ya Kondele hadi Nyalenda kwa boda boda itavunja pembe kadhaa. Kama mchezo ni nyumbani kwako kila mara, ipandishe hadi mbili, kwani hakuna kinachotulia mezani kama jiwe halisi.

4. EVA, mpira wa malapa

Waulize washona viatu kuhusu masalio ya soli. Inakanyagwa, inanyeshewa, inarudi ilivyokuwa. Wenye watoto wadogo wanaovamia meza waanze nayo. Kule Nairobi, Ocean Sole huchonga wanyama wakubwa kwa malapa yaliyookotwa ufuoni, kwa hiyo usiidharau. Ila inachosha kuikata kwa wembe, na rangi ya maji hubanduka usipotanguliza gundi tabaka mbili.

5. Stairofomu nyeupe

Ile inayokuja na televisheni. Ni rahisi kupata, na ndiyo sababu pekee ya kuwa hapa. Kila ukikata inatapika punje zinazonata kwenye nguo, sakafu na ulimi wa paka. Mstari wa kalamu hauchoreki, unachimbika. Tumia vipande vikubwa kuinua mlima ndani, kisha uvike matonge ya trei iliyolowekwa na gundi. Usilipe pesa kwa ajili yake.

Kuhusu mawe ya Kisii: ndiyo, jiwe la sabuni la Tabaka linachongeka kwa kisu, na wazo la handaki la jiwe halisi linavutia. Kipande chetu kingekuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo, na vumbi lake si la kuvuta ndani ya nyumba. Agiza kitu kimoja tu kwa mchongaji, madhabahu au kiti cha mfalme, umpe vipimo kwa milimita na mchoro wa pande zote. Mwambie pia kisinakishiwe twiga.