Kupanda farasi ufukweni Malindi: huduma nzuri, ila bango libadilishwe

Nusu saa ni shilingi 2,000, mtoto nusu bei, unalipa kwa M-Pesa kabla ya kupanda. Kwa nilichokiona ufukweni upande wa Silversands, bei hiyo siilalamikii.

Sisi tuliokulia na punda Lamu, mnyama tunamsoma mgongoni. Kabla binti yangu hajapanda nilimwomba saisi, mtunza farasi, ainue tandiko, akaliinua bila kununa. Hapakuwa na kidonda wala mahali palipochubuka. Blanketi la chini safi, hatamu zimepakwa mafuta, kwato zimechongwa vizuri. Ndoo ya maji iko kivulini chini ya mivinje, na jua likishakuwa kali hakuna farasi anayetoka, hata wateja wajae. Hapo nikawaamini.

Farasi mwenyewe ni jike wa kijivu. Paji pana, uso umebonyea kidogo katikati, tundu za pua kubwa, na mkia anauinua kila akikaza mwendo. Damu ya Kiarabu inaonekana. Lakini bango limeandikwa "Farasi halisi wa Kiarabu", na nilipouliza, saisi alinijibu kweli tupu: "Mama, huyu chotara. Baba yake ndiye Mwarabu." Mungu ambariki kwa ukweli wake.

Mwenye biashara abadilishe lile bango. Nasaba ya farasi hawa watu wameihangaikia sana. Abbas Pasha, aliyetawala Misri kuanzia 1848 hadi 1854, alituma watu wake kwa Mabedui waandike habari za kila ukoo wa farasi, kabila kwa kabila, ndipo mazizi yake yakasifika. Alipouawa, farasi wale walitawanyika. Wengi walipigwa mnada 1860, na baadhi wakaangukia kwa Ali Pasha Sherif, mfugaji wa huko huko Misri. Kwake ndiko Lady Anne Blunt wa Uingereza alikonunua waliokwenda kuzaliana Crabbet, mazizi yake huko kwao. Leo mtu anaweza kumfuata farasi wa uzao wa Crabbet hadi kwa bibi zake wa Misri kwa sababu kuna aliyeandika. Chotara naye ni farasi mzuri, aitwe chotara.

Jambo la pili ni hadithi. Kijana anayeongoza farasi hodari wa kusimulia, ila yote ni Vasco da Gama na nguzo yake. Ana hazina nyingine karibu asiyoigusa. Mwaka 1840 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alipeleka jahazi lake, Sultana, mpaka New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, na miongoni mwa zawadi alizopelekewa Rais Van Buren wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuweza kuwachukua wawe wake, maana katiba yao inamkataza kupokea zawadi za wafalme bila idhini ya Bunge. Na Unguja kwenyewe, bintiye Sayyid Said, Salme, ameandika kwamba watoto wa jumba la Mtoni walifundishwa kupanda wakiwa wadogo: wavulana farasi, wasichana punda weupe wa Maskati, ambao mara nyingi waliwazidi farasi wa kawaida kwa bei. Binti yangu niliposimulia hilo alinyoosha mgongo juu ya tandiko mpaka mwisho wa safari. Mtoto wa Lamu, aambiwe punda alikuwa kipando cha binti mfalme!

Lililonikera ni vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko. Vilikuwa virefu kwa miguu ya mtoto, wakavifupisha kwa kufunga fundo la kamba. Hilo ni hatari, mguu ukinasa mtoto ataburutwa. Wanunue mikanda mifupi ya watoto, na kofia ngumu za saizi ndogo. Iliyokuwepo ilimshuka binti yangu hadi kwenye nyusi.

Mkienda, ulizieni maji kwanza. Yakipwa, mchanga unakuwa mgumu na farasi anatembea vizuri. Yakijaa mnabanwa kwenye mchanga laini wa juu, na farasi anachoka upesi. Sisi tutarudi bamvua lijalo, maji yanapokupwa sana, asubuhi na mapema.