Tuisheni ya Kiingereza ya jioni Sinza: kwa both, either na neither hela yangu imerudi, mengine tuongee

Nimemaliza mwezi kwenye tuisheni moja ya Kiingereza hapa Sinza, zile za jioni za watu wazima, jina siliweki maana kuna sehemu nitawasema na sitaki ugomvi na mtu. Ada ni 70,000 kwa mwezi, notsi unalipia 5,000 pembeni, na hiyo ya notsi hawakuambii mpaka ushalipa ada. Feni moja darasa zima. Basi, hayo ya mazingira yameisha.

Nlichokifata mimi ni grama, na kusema ukweli kilichonifanya nikae mwezi mzima ni zile jioni za both, either na neither. Wengi tuliosoma shule za kata tunazijua kwa staili ya mtihani wa fomu foo, unapewa sentensi mbili, Juma si mrefu, Ali si mrefu, unaambiwa ziunganishe kwa "neither... nor", unaunganisha, unapata maksi zako, alafu siku umekaa na mgeni mezani mdomo unakua mzito. Yule madam wa pale hafundishi hivo. Aliingia na soda mbili, Fanta na Stoney, akaziweka mezani akamuuliza jamaa wa mbele "which one do you want?" Jamaa akasema both, madam akamsogezea zote mbili. Akamuuliza dada mmoja, dada akasema either, madam akachukua moja tu bila kuangalia ni ipi akampa. Wa tatu akasema neither, hakupewa kitu, tukacheka. Alafu akatoa chupa ya maji kwenye pochi akaiweka pale pale na kuuliza tena, mtu akajibu both, madam akakaa kimya anamwangalia tu mpaka mwenyewe akashtuka, kumbe vikishakua vitatu both haipo tena, unasema all, na either inakua any, na neither inakua none. Dakika 10 hazikufika na hakuna aliesahau.

Kuna kaka anafanya kazi mapokezi hotelini, akasimulia mgeni alioneshwa vyumba viwili akasema "either room is fine", yeye akambukia vyote viwili na bili ikatoka ya viwili. Mgeni alimaanisha nipe chochote kati ya hivi. Madam akaishika hapo hapo, either inabeba nomino ya umoja, "either room", both inabeba wingi, "both rooms", kwahiyo hata kama hukuisikia vizuri either yenyewe, ile s ya mwisho inakwambia mtu anataka kimoja au viwili. Hii peke yake kwa mtu wa hoteli au mpeleka watalii ni hela. Ila akaongeza kwamba ukisikia "on either side of the road" hiyo ni pande zote mbili, kama mtaa wa Congo pale Kariakoo maduka yalivyo huku na huku, hapo usitafute upande mmoja.

Kilichonikosha zaidi ni anajua tunakosea wapi kwa sababu ya Kiswahili chetu. Sisi tunasema "wote wawili hawakuja" na haina shida, sasa mtu anaibeba ilivyo, "both of them didn't come", na Mzungu anabaki anajiuliza au mmoja alikuja. Ikitakiwa kukana wote wawili tumia neither, "neither of them came", na kitenzi kiache bila not maana neither ishakana tayari. Hapo ndo darasa zima tulikua tunaanguka, kwetu "hata mmoja hakuja" ukanushaji unakaa kwenye kitenzi, kwahiyo mtu anatoa "neither of them didn't come" kwa kujiamini kabisa. Na ile ya kusema "me also I don't know", jamani hii iko kila ofisi mjini! Akasema mkitaka kuipata haraka ikumbukeni wala: mtu akisema sijui, wewe ukajibu wala mimi, hiyo ndo "neither do I", au "I don't either", na ukiwa na washkaji "me neither" inatosha. Sina hela wala muda, "I have neither money nor time". Tangu siku hiyo kila nkitaka kukana vitu viwili naitafuta wala kwanza kichwani.

Kwenye "of" alipita haraka ila alieleweka. "Both parents", "both my parents", "both of my parents" zote sawa, "both of parents" hapana, na ikija them, us au you basi of lazima iwepo, "both of us". Either na neither hapo ni wakali kidogo, "neither of my brothers" lazima iwe na of.

Sasa malalamiko. Madam hayupo kila siku, kuna ticha mwingine anapokezana nae, na huyo bwana ni wa kusoma notsi tu. Notsi zenyewe ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa neither upande wa kulia umefifia mpaka unakisia. Aliwahi kumkatalia mtu mbele ya darasa kwamba either inasomwa "aidha" na anaesema "idha" hajasoma, wakati zote mbili ni sahihi, Waingereza wengi wanaanza na "ai" na Wamarekani wengi wanaanza na "i", mtu anaeangalia muvi za Marekani anajua. Akatuandikia pia "neither of them are" ni kosa, nukta. Kwa barua ya kazi au mtihani sawa, andika "neither of them is", lakini kwenye maongezi wenye lugha yao wanasema are kila siku, kwanini umtishe mtu anaejifunza kuongea? Na pale alipoulizwa "neither the manager nor the drivers" inachukua was au were akasema tutaliona kesho, kesho yake kaja madam ndo katujibu kwamba unaangalia kilicho karibu na kitenzi, drivers, basi were, ukigeuza manager akaja mwisho inakua was.

Kingine grupu lao la wasapu. Badala ya mazoezi ni ofa, ofa ya kompyuta, ofa ya Kichina, vois noti ndefu za mkurugenzi. Mi nimeliweka kimya.

Kwa mtu anaejiandaa na intavyuu, au yuko hotelini au kwenye utalii na anaelewa Kiingereza ila kinakwama mdomoni, nenda, kwa madam 70,000 ni ya halali kabisa. Kama unataka kwa ajili ya mtihani tu usijisumbue, kitabu chochote cha grama chenye mazoezi na majibu nyuma kitakutosha na utakitunza. Darasa jipya linaanza kila mwanzo wa mwezi, saa 11 na nusu jioni mpaka saa 1 na nusu. Piga simu kwanza uulize madam anafundisha siku zipi, na wakikujibu walimu wetu wote ni wazuri, uliza tena.